Ndizi Shimoni, Mtama Chunguni: Vinywaji vya Kale Vishukavyo Rumonge

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda kusini hufuata barabara ya pwani ya Ziwa Tanganyika kwa kadiri ya kilomita 75, maji yakiwa kuliani kwake na vilima kushotoni, mpaka michikichi ianze kusongamana pande zote mbili za njia. Hapo hujua kwamba amefika Rumonge. Mji huu una sifa ya mawese, ya dagaa na ya samaki aitwaye mukeke, nao ni mmoja wa miji ya Burundi ambamo Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Leo, hata hivyo, hatutazungumzia kitoweo. Tutazungumzia vinywaji vishukavyo kutoka vilimani: urwarwa, insongo, impeke, na mdogo wao asiyelevya, mutobe.

Huenda msomaji akashangaa tukianzia Ubelgiji, nchi iliyoitawala Burundi mpaka tarehe 1 Julai 1962. Mwaka 2016 UNESCO iliuandika utamaduni wa bia wa Wabelgiji katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Miongoni mwa bia zao za kale imo ile iitwayo lambiki, ipikwayo katika bonde la mto Senne karibu na Brussels. Mpishi wake hatii hamira. Maji matamu ya kimea cha shayiri na ngano huachwa usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, yapoe na kupokea chachu zirukazo hewani. Kisha hutiwa katika mapipa ya mti na kukaa humo mwaka 1, 2 au hata 3. Watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kuionja, na huilipia fedha nyingi.

Lakini si bia hiyo iliyoletwa kwetu. Kiwanda cha Brarudi kilipoanzishwa Bujumbura mwaka 1955, kilileta bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, na mpaka leo Primus na Amstel ndizo zitawalazo meza za sherehe. Basi vijana wengi wamekua wakidhani kwamba bia ni chupa, na kwamba kilichomo ndani ya kibuyu ni kitu cha wasio na uwezo. Dhana hiyo haina msingi, kwani ufundi asifiwao Mbelgiji, yaani kuziachia chachu za asili zifanye kazi yake, bibi zetu wa vilimani waliujua bila kufundishwa naye.

Tutazame urwarwa. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi. Huchimbwa shimo, likatiwa joto kwa kuchoma majani makavu ndani yake, likatandikwa majani ya mgomba, ndizi zikapangwa na kufunikwa kwa majani na udongo. Baada ya siku kadhaa hutoka zikiwa za manjano na laini. Humenywa, zikakandwa pamoja na nyasi kavu safi katika kihori cha mti. Nyasi hushika makapi na kuachilia maji yake. Hayo maji matamu ndiyo mutobe. Ukiuongeza maji, ukainyunyizia unga wa mtama uliokaangwa, ukafunika mahali penye joto, baada ya siku moja au mbili umepata urwarwa. Usipozimua, ukaacha mutobe mzito uchache wenyewe, utapata insongo, ambayo ni kali zaidi na hudumu zaidi. Mpaji mwema hamtolei mgeni insongo bila kumwonya.

Impeke ni jamaa wa karibu zaidi wa bia ya Ulaya, kwa kuwa nayo hutokana na kimea. Mtama huloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa juani na kusagwa; unga wake hupikwa, ukapoa, ukachacha. Ladha yake ni ya uchachu, na uzito wake hukaribia ule wa uji mwembamba. Wenzetu wa Kilimanjaro waijuao mbege watauelewa ufundi huu mara moja.

Mila ya kunywa nayo ina heshima zake. Mwenyeji huonja kwanza mbele ya macho ya mgeni, ili ionekane kwamba hakuna ubaya chunguni. Mahari haizungumzwi pakavu. Wasemaji wa pande mbili husimama kwa zamu, wakitumia maneno yaliyopangwa, na chungu kikiwa katikati. Zamani mrija mmoja ulipita kinywani mwa wengi. Siku hizi ni afadhali kila mtu awe na wake.

Hapa mama wa nyumbani atusikilize vizuri. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika pwani hii ya ziwa. Mwezi Januari 2023 serikali ilitangaza tena mlipuko wake. Sasa fikiri ni maji gani yazimuayo ndizi. Uchachu wa pombe iliyoiva huvidhoofisha vijidudu kwa kiasi, ingawa si kinga ya kutegemewa. Mutobe mtamu, anaopewa mtoto, hauna hata huo uchachu. Kwa hiyo nyumba isiyotumia kileo, nazo ni nyingi katika mji huu wa Waislamu wengi, ndiyo yapasa kuwa na hadhari zaidi. Maji ya kuzimulia yachemshwe mpaka yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa. Mikono ya mkandaji ioshwe kwa sabuni, na kihori kisuuzwe kwa maji hayo hayo yaliyochemshwa, si ya ndoo iliyotoka ziwani.

Mutobe hunyweka vizuri asubuhi ile ile uliyokamuliwa, pamoja na mihogo ya kuchemsha. Ukitaka kuuweka mpaka jioni, uchemshe na kuufunika. Ukisahau, kesho yake utaukuta unatoa povu, na itakubidi uumwage.