Babu wa miaka 68 aliyefufua pikipiki ya 1920 ikatikisa Marekani

STANLEY Matthews alipoingia uwanjani na Stoke City Februari 1965 akiwa na umri wa miaka 50, mashabiki wa Ligi Daraja la Kwanza ya England walishika vichwa. Miaka 50 na bado anapiga chenga!

Miaka miwili baadaye, kwenye jangwa la chumvi la Bonneville, jimbo la Utah huko Marekani, babu mwingine akafanya makubwa zaidi. Yeye alikuwa na miaka 68. Pikipiki aliyokalia ilikuwa na miaka 47, na vyuma vingi vilivyokuwa vinazunguka ndani ya injini yake alikuwa amevichonga mwenyewe kibandani kwake, nyumbani.

Jamaa anaitwa Burt Munro, mtoto wa mkulima kutoka kusini kabisa mwa New Zealand, karibu na mji wa Invercargill. Siku hiyo aliweka rekodi ya kasi katika daraja la pikipiki zenye injini isiyozidi cc 1,000.

ILIKUWA YA KAWAIDA TU

Munro alizaliwa mwaka 1899. Pikipiki yenyewe, Indian Scout iliyotengenezwa Marekani, aliinunua ikiwa mpya mwaka 1920. Ilikuwa na injini ya cc 600 na silinda mbili. Spidi yake ya mwisho ilikuwa kama kilomita 89 kwa saa.

Leo bodaboda yoyote nzima inakaribia hapo. Kwa maana nyingine, Munro hakuanza na mashine ya maajabu. Alianza na chombo cha kawaida cha kumpeleka kazini na kumrudisha.

Mwaka 1926 akaanza kuichokonoa. Kuanzia hapo hakuacha tena.

Mchana alikuwa muuzaji wa pikipiki dukani. Usiku alikuwa fundi. Mara nyingi alikesha kibandani, kukikucha ananawa uso na kwenda kazini. Fedha za kuagiza vipuri vya mashindano hakuwa nazo, na hata angekuwa nazo, nani angemuuzia kipuri cha mashindano cha pikipiki iliyokwisha kuwa kikongwe?

Akaamua kuvitengeneza.

MAKOPO, MABOMBA NA SPOKI

Hapa ndipo mafundi wetu wa mtaani watamwelewa huyu mzee kuliko mainjinia wa viwandani.

Pistoni alizimwaga mwenyewe. Anayeyusha chuma, anakimimina kwenye kopo kuukuu, kikipoa anaanza kukichonga hadi kipate umbo. Silinda alizitoa kwenye mabomba ya chuma ya gesi. Konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki, alikichonga kwa mkono kutoka kwenye ekseli ya trekta.

Na kipimo chake? Pale ambapo fundi mwingine angetumia mikromita, Munro alikuwa anatumia spoki kuukuu ya tairi.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye valvu. Scout ilitoka kiwandani ikiwa na valvu pembeni ya silinda. Kwa mpangilio ule hewa na mafuta vinaingia kwa kona, na injini ikizunguka kwa kasi sana inaanza kukosa pumzi, kama winga aliyekimbia dakika 90 bila kubadilishwa. Munro akazihamishia juu ya silinda ili injini ipumue moja kwa moja. Akaongeza na ukubwa wake taratibu, kutoka cc 600 hadi kufika 950.

Kwa nje aliivisha bodi ndefu ya kukata upepo, umbo kama la samaki. Dereva analala ndani yake kifudifudi.

RAFU YA SADAKA

Usidhani mambo yalikwenda kama mteremko. Injini ile ilikufa mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Pistoni zilitoboka, konrodi zilikatika, silinda zilipasuka. Kazi ya miezi mingi ilikuwa inaweza kuisha kwa mlio mmoja tu, kwenye mchanga wa ufukwe wa Oreti alikokuwa akiifanyia majaribio.

Wengi wetu chuma kikishavunjika tunakiuza kwa mzani. Munro hakutupa. Kibandani kwake aliweka rafu, akapanga vyuma vyote vilivyoharibika kama timu inavyopanga makombe kabatini. Juu yake akaandika maneno yenye maana kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa kasi.

Hilo ndilo kabati lake la makombe. Kila kipande pale kilikuwa mechi aliyofungwa, na kila kipigo kilimrudisha mezani kutengeneza kingine kilicho imara zaidi. Ni kazi isiyo na kocha wa kumtupia lawama wala refa wa kumzomea. Chuma kikikatika, mwenye kosa ni yuleyule aliyekichonga.

GHARAMA YAKE

Yote haya hayakuwa bure, na hili lazima lisemwe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndoa yake ilivunjika. Munro, baba wa watoto wanne, akaacha kazi na kuhamia kuishi kwenye gereji pamoja na pikipiki zake. Akalala alipofanyia kazi, akafanya kazi alipolala.

Mashabiki wanapenda kusimulia ushindi tu. Lakini nyuma ya rekodi hii kuna nyumba iliyobaki bila baba mezani. Kila mtu atapima mwenyewe kama ilistahili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 moyo nao ukaanza kumsumbua. Umri ulikuwa unakaribia 60. Mwingine angetundika daluga. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anataka kucheza ugenini.

SAFARI YA JANGWANI

Bonneville ni uwanda wa chumvi uliokauka, mweupe na tambarare kama meza. Hakuna kona, hakuna mti. Munro alikwenda huko mara 10, safari ya kwanza akiwa mtazamaji tu.

Mwaka 1962 akaweka rekodi yake ya kwanza, kilomita 288 kwa saa. Mwaka 1966 akapata nyingine katika daraja la juu zaidi. Kisha ikaja Agosti 1967.

Rekodi za kasi zinafanana kidogo na mechi za nyumbani na ugenini. Unakimbia kwenda, unageuza, unakimbia kurudi, halafu unatafutwa wastani. Lengo ni upepo usimbebe mtu. Kwa wastani huo, Munro alipewa kilomita 295.45 kwa saa. Katika mbio moja ya kufuzu, upande mmoja tu, alipiga kilomita 305.89, lakini hiyo haikuhesabiwa kuwa rekodi.

Nusura iwe msiba. Baadaye alisimulia kwamba katika mbio mojawapo mwaka huo, pikipiki ilianza kuyumba ikiwa imeshapita katikati ya njia. Akainua kifua ili upepo umpunguzie kasi. Upepo ukang'oa miwani yake, ukamsukuma macho hadi akawa haoni kitu. Akapoteza mstari, akaikosa nguzo ya chuma kwa inchi chache, kisha akailaza pikipiki chini. Alipoinuka alikuwa na mikwaruzo tu.

Huyo ni mzee wa miaka 68, ndani ya chombo alichokiunda kwa makopo.

VAR YA MIAKA 47

Munro alifariki dunia Januari 6, 1978 akiwa na umri wa miaka 78. Mwaka 2005 dunia ikamfahamu upya kupitia filamu ya The World's Fastest Indian, ambayo Anthony Hopkins aliigiza nafasi yake.

Ila utamu haukuishia hapo. Mtoto wake wa kiume, John, alipozipitia takwimu za siku ile ya 1967 akagundua hesabu ya wastani ilikosewa. Akaandikia chama cha pikipiki cha Marekani. Mwaka 2014 chama kikakubali na kurekebisha: kasi halali ni kilomita 296.26 kwa saa.

Ni nyongeza ya chini ya kilomita moja, lakini kwa mtu aliyekuwa akipima chuma kwa spoki, hata kidogo hicho ni kikubwa. Na ilichukua miaka 47, umri uleule pikipiki yake ilipokuwa nao siku ya rekodi.

Scout yenyewe haikufungiwa kwenye kasri la tajiri. Kabla ya kifo chake Munro aliiuzia familia yenye duka la vifaa vya ujenzi pale Invercargill, E Hayes & Sons. Hadi leo iko humo dukani. Mteja anaingia kununua misumari na nyundo, anageuka, anaiona.

Pengine hapo ndipo mahali pake hasa, katikati ya vyuma na mafundi.