Msituni, Mikono Mitupu

Wengi wanaovuka kutoka Shimoni kwenda Kisiwa cha Wasini huwa na haraka ya pomboo na samaki wa hifadhi ya bahari ya Kisite. Wachache hufika Mkwiro, kijiji cha wavuvi upande wa mashariki wa kisiwa, na wachache zaidi hujua kwamba nyuma ya nyumba pana mwitu wa kutembea: vichaka vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe, mibuyu ya hapa na pale, na njia ya miguu iendayo hadi kijiji cha Wasini. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 5 na hakina magari. Kwa mtu mwenye presha aliyetoka Mombasa, ukimya wa honi peke yake ni nafuu.

Wanaotaka kujua nafuu hiyo inatoka wapi huelekezwa Japani. Mwaka 1982 Idara ya Misitu ya nchi hiyo, ikiongozwa na Tomohide Akiyama, ilianza kuwahimiza wananchi "kuoga msitu", shinrin-yoku kwa lugha yao: kwenda mwituni kukaa, kuvuta pumzi na kusikiliza, bila mazoezi na bila kuwania kufika popote. Ilikuwa nasaha ya serikali, utafiti ukafuata baadaye. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chiba walifanya majaribio katika misitu 24, watu wakipelekwa siku moja msituni na siku nyingine mjini, kisha wakapimwa presha, mapigo ya moyo na kotisoli katika mate. Kotisoli ni homoni inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo mwili ukibanwa na wasiwasi. Msituni vipimo vyote vitatu vilikuwa chini.

Sababu iko katika neva tusizoziamrisha. Kundi moja huutia mwili mbio: moyo unadunda, mishipa inajibana, tumbo linasita kusaga chakula. Kundi la pili hutuliza. Anayeishi katika kelele, madeni na foleni hubaki na kundi la kwanza limewaka mchana kutwa, na mishipa iliyobanwa kwa miaka mingi huja kumdai figo, moyo na ubongo. Penye kivuli, sauti ya ndege na upepo wa bahari, kundi la pili hupata nafasi yake.

Kuna dai jingine linalopendwa zaidi mitandaoni, na hapo mimi huvuta breki. Daktari Qing Li wa Tokyo alionyesha kwamba siku tatu msituni huongeza nguvu ya chembe za kinga zinazoshambulia seli za saratani na zile zilizoingiliwa na virusi, na akahusisha jambo hilo na mafuta yenye harufu yanayotolewa na miti. Utafiti wenyewe ni wa kweli, lakini vikundi vyake vilikuwa vidogo, vya watu kama dazeni moja, na miti aliyoitilia mkazo ni jamii ya misonobari na mivinje ya Kijapani. Mibuyu ya Mkwiro haijapimwa hivyo. Na harufu ya mikoko ya Gazi, pwani hiihii, maji yakitoka ni ya tope lenye salfa. Sijaona bado wa kuitia chupani akaiuza.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa kawaida kabisa. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha matokeo ya hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliopasuliwa kibofu cha nyongo na kulazwa karibu na dirisha linaloelekea miti walitoka mapema kidogo, na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019, takwimu za karibu watu 20,000 wa Uingereza zilionyesha kwamba waliokaa penye mimea au ufukweni angalau dakika 120 kwa wiki walijieleza kuwa na afya njema zaidi. Hesabu hiyo, hata hivyo, haitenganishi chanzo na matokeo, kwani mwenye afya ndiye anayetoka nyumbani.

Sasa mfikirie mama anayerudi kijijini na mzigo wa kuni kichwani. Amepita chini ya majani yaleyale. Je, ameoga msitu? Kwa maoni yangu, hapana. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Michigan, walieleza kwamba mandhari ya asili hupumzisha akili kwa sababu huivuta bila kuilazimisha: jani linatikisika, unatazama, unaacha. Mzigo haukuruhusu kuacha. Hata mawe ya Mkwiro hayakuruhusu, maana yana ncha kama msumeno na kila hatua inataka jicho. Kwa hiyo ukifika, tafuta kivuli ukae. Utafiti mwingine wa Michigan, wa 2019 pia, uliona kotisoli ikishuka kwa kasi zaidi katika dakika 20 hadi 30.

Wazee wa Kidigo walio Kaya Kinondo, huko Diani, wana utaratibu unaofanana na hayo ingawa haukutungwa kwa ajili hiyo. Kaya kadhaa, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ikiwemo hiyo, ziliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni hujifunga kaniki, huvua kofia, na haruhusiwi kutoka na chochote, hata jani. Ni adabu ya mahali patakatifu, na sipendi tuwageuze wazee kuwa matabibu wa presha. Lakini anayeingia kwa masharti hayo huwa hana la kubeba wala la kukimbilia.

Kwa Mkwiro, nenda asubuhi mapema au baada ya alasiri. Bisha hodi kijijini kwanza, uombe kijana wa kukuongoza. Vaa viatu vya soli ngumu, chukua maji ya kutosha kwani kisiwa hakina mto, na jioni jihadhari na mbu. Dawa za presha meza kama kawaida, siku ya mwituni na siku isiyo ya mwituni, na vipimo vikibadilika mwachie daktari wako aamue kama kidonge kipunguzwe.