Wakili Aliyeanza Akiwa Mwanafunzi

(Muziki unashuka)

MTANGAZAJI: Huenda umewahi kushika barua ya kukataliwa, hujui inasemaje, na jirani anakunong'oneza: "Toa kitu kidogo, nina mtu ofisini." Leo tunaongea na wewe.

Mwaka 2008, Becca Heller, mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikuwa Jordan. Alizitembelea familia sita za wakimbizi wa Iraq. Mimi na wewe tungedhani wangemtajia chakula au kodi ya nyumba. Wote walimwambia wanahitaji msaada wa kisheria.

Aliporudi chuoni, yeye na wenzake walianzisha mradi ambao leo unaitwa IRAP. Mwanafunzi anashika faili la mkimbizi, wakili anayejitolea anamsimamia, na mazungumzo yanapita kwenye simu na intaneti. Mteja anaweza kuwa Amman, mtetezi wake yuko Marekani. Baadaye Heller alirudi Yale kufundisha. Hivyo darasa lenyewe likawa ofisi ya mawakili.

Tarehe 27 Januari 2017 rais wa Marekani alitia saini amri iliyowazuia wakimbizi kuingia. Wengine walikuwa tayari angani, viza mkononi. Mawakili waliitwa kwa baruapepe, wakaketi sakafuni viwanjani na kompyuta zao. Usiku wa tarehe 28, jaji wa New York aliamuru waliofika wasirudishwe.

Lakini kazi kubwa ya wakili haina kelele kama hiyo. Anasoma karatasi. Jina la baba limeandikwa namna mbili. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto haifanani na ya kwenye usajili. Mhoji anaweza kuona uongo mahali ambapo kuna kosa la mkalimani tu.

Kwa utaratibu wa Marekani, aliyekataliwa ana siku 90 za kuomba faili liangaliwe upya, na ni mara moja tu. Kueleza shida zako hakutoshi, ndugu yangu, hata ziwe nzito kiasi gani. Onyesha kosa lililofanyika, au leta habari mpya. Nchi nyingine zina taratibu zao, kwa hiyo uliza mapema.

Barua usiitupe, andika pembeni siku uliyoipokea. Na yule jirani? Huduma za UNHCR hazilipiwi, kuanzia usajili hadi kupelekwa nchi ya tatu. Anayekudai pesa, mripoti.

(Muziki unapanda)