Mwenye nacho akiongezewa kodi, nani hulipa?

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita tulipata swali kutoka Keza, wilayani Ngara. Aliyeliuliza ni mkulima wa kahawa na migomba, na ameliuliza kwa ufupi kuliko wataalamu wengi ninaowajua. Anasema: kama Serikali haina fedha, kwa nini isiwaongezee kodi matajiri na makampuni makubwa, ikatuacha sisi tupumue? Na ikifanya hivyo, uchumi utakua au utadumaa? Leo nitajaribu kumjibu, na kwa kuwa swali limetoka huko, nami nitaanzia huko huko.

Watu wazima wa Ngara na Biharamulo hawahitaji kufundishwa kodi ni kitu gani. Wanaikumbuka kodi ya maendeleo. Ilirudi pamoja na halmashauri za wilaya katika miaka ya 80, na kila mtu mzima alitakiwa kuilipa, kiwango kile kile au karibu na kile kile, awe na ng'ombe hamsini au awe na jembe moja lililokwisha makali. Mgambo walikuja alfajiri. Wanaume waliingia migombani, na wengine walilala huko huko msimu mzima wa msako. Ukienda gulioni ulikuta kizuizi, na stakabadhi ya kodi ilitunzwa vizuri kuliko cheti cha ndoa. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Basil Mramba, alitangaza kuifuta katika bajeti ya Juni 2003, na sijasikia bado mtu aliyeililia, labda waweka hazina wa halmashauri.

Nimeikumbusha kodi ile kwa sababu ndiyo inayolipa uzito swali la ndugu yetu wa Keza. Wakati kabwela anakimbizwa migombani, sheria ya madini ya mwaka 1998 ilikuwa inamtaka mchimbaji mkubwa wa dhahabu alipe mrabaha wa asilimia 3 tu, huku mitambo yake ikiingia nchini kwa misamaha. Migodi mikubwa yenye mikataba maalumu ililipa halmashauri ya wilaya dola 200,000 kwa mwaka, basi, hata dhahabu ipande bei namna gani. Kwa hiyo anayesema kwamba mzigo haukugawanywa sawa hasemi kwa wivu. Anasema alichokiona.

Lakini je, dawa ni kupandisha kiwango? Hapa ndipo inapotubidi kwenda polepole.

Tuchukue mfano wa kahawa. Sheria inasema ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Mkulima hatoi hata senti mbele ya karani. Lakini mnunuzi si mjinga. Anajua bei ya mnadani, anajua nauli, anajua ushuru, na akishajumlisha yote hayo ndipo anapomtajia mkulima bei. Ushuru aliolipa mnunuzi umetoka katika debe la mkulima. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na sifa ya punguzo hilo ilikuwa ni kwamba lingemfikia mkulima. Na sisi tunaokaa mpakani tunajua la zaidi: bei ya ng'ambo ikiwa nzuri kuliko ya kwetu, kahawa huvuka usiku, na hapo halmashauri hukosa asilimia 5, hukosa na 3.

Basi hilo ndilo la kwanza la kushika. Jina lililoandikwa kwenye stakabadhi ya kodi si lazima liwe jina la mtu aliyeumia. Kodi husukumwa. Tajiri mwenye mabasi akiongezewa, hutazama kama anaweza kupandisha nauli. Akiweza, umelipa wewe unayetoka Ngara kwenda Mwanza. Akishindwa, kwa sababu kuna mwenye mabasi mwingine anayemngojea ateleze, basi amelipa yeye. Kwa hiyo anayetaka kujua kodi mpya itamkaa nani, asiangalie sheria peke yake. Aangalie ni nani asiyekuwa na pa kukimbilia. Kamba hukatikia pabovu.

Nchi yetu imewahi kujaribu njia ya viwango vikubwa. Katika miaka ya 70 na 80 kodi ya mapato kwa wenye mishahara ya juu ilipanda, ngazi ya mwisho ikapita asilimia 70. Nia ilikuwa njema, na ilikwenda sambamba na siasa ya usawa. Kumbukeni kwamba mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alijipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Lakini kilichotokea baadaye kila mmoja alikiona. Mshahara uliokatwa hivyo haukuwa na maana tena, kwa hiyo mkubwa wa shirika akalipwa kwa njia nyingine: nyumba, gari, dereva, mafuta, posho ya safari. Aliyekuwa na akili ya biashara aliificha. Mwaka 1983 Serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na sabuni na sukari zikafukiwa ardhini. Sisemi kwamba kodi peke yake ndiyo iliyoleta ulanguzi ule. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na viwanda visivyozalisha vilikuwa na sehemu kubwa zaidi. Ninasema kwamba asilimia 70 ya mshahara unaoonekana ilikuwa ndogo mno kifedha, kwa sababu wenye mishahara hiyo walikuwa wachache, na wachache hao walijua milango yote ya nyuma.

Wengine watasema, mbona Marekani katika miaka ya 50 ilikuwa na kiwango cha juu cha asilimia 91 na uchumi wake ukakua? Ni kweli, ilikuwa nacho, na ulikua. Ni kweli pia kwamba waliolipa kiwango hicho kamili walikuwa wachache sana. Kwa hiyo mfano huo unamnyima ushindi kila upande: unamkanusha anayedai kwamba kodi kubwa lazima iue uchumi, na haumsaidii anayedhani kwamba namba iliyoandikwa kwenye sheria ndiyo fedha iliyoingia hazina.

Turudi nyumbani, kwenye mshahara wa leo. Wengi tunaposema "mwenye kipato kikubwa" tunamwona mtu wa ghorofani. Jedwali la kodi ya mshahara lililoanza Julai 2021 halimwoni hivyo. Anayepata hadi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi. Baada ya hapo ngazi zinapanda, asilimia 8, 20, 25, na kinachozidi shilingi milioni moja kinakatwa asilimia 30. Ngazi zimeishia hapo. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa miaka mingi kazini mwenye milioni moja na laki mbili ameshafika kwenye ngazi ya mwisho, na meneja wa shilingi milioni thelathini naye yuko kwenye ngazi hiyo hiyo. Anayepata milioni mbili hukatwa 428,000. Anayepata milioni kumi hukatwa 2,828,000. Mwenye kumi analipa sehemu kubwa zaidi, hilo tusilikatae, lakini kutoka milioni kumi kwenda juu ngazi ni tambarare. Binafsi naona ipo nafasi ya kuongeza ngazi moja huko juu bila mtu yeyote kukimbia nchi. Lakini tusijidanganye kwamba itajenga barabara nyingi. Watu hao ni wachache, na waajiriwa wanaoonekana ni wachache zaidi.

Jirani zetu wa Kenya walifanya hivyo hasa. Kuanzia Julai 2023 mshahara unaozidi shilingi zao 500,000 uliwekewa asilimia 32.5, na unaozidi 800,000 asilimia 35. Wakenya wa kawaida wasingekuwa na ugomvi na hilo. Lakini sheria hiyo hiyo ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na mafuta yanaingia katika unga, nauli na taa. Mwaka uliofuata ulipokuja muswada mwingine wa fedha, vijana waliingia barabarani, tarehe 25 Juni 2024 wakaingia hata bungeni, watu wakafa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatatia saini. Watu wanapoona kodi ya tajiri inatangulizwa kama kilemba na ya maskini inafuata kama kanzu, imani hutoka, na kukusanya kodi bila imani ni kazi ya mgambo.

Sisi nasi tulikuwa na tozo ya miamala ya simu, Julai 2021. Kijana aliyeko Dar es Salaam akimtumia mama yake wa Rulenge fedha ya dawa, alikatwa wakati wa kutuma, na mama alikatwa wakati wa kutoa. Watu walianza kutumiana noti kwa makondakta wa basi. Serikali ilipunguza tozo ile kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo, ikaendelea kuilegeza baadaye. Najua kilichotafutwa: fedha za haraka kutoka kwa watu wengi. Lakini kwa uchumi wa wilaya kama zetu, ambazo mzunguko wake unategemea hayo hayo yanayotumwa na watoto, hiyo ilikuwa kuchimba kisima kwa kukausha kijito.

Sasa makampuni. Hapa ndipo penye fedha, na hapa ndipo kiwango kinapodanganya kuliko mahali pengine popote. Kodi ya faida ya makampuni ni asilimia 30. Hata uifanye 50, kampuni inayotangaza hasara italipa nusu ya sifuri. Tuna mfano wa karibu. Mgodi wa Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulifunguliwa mwaka 2005 na mwaka 2013 ukakabidhiwa kwa shirika letu la STAMICO. Kampuni iliyokuwa ikiuendesha, African Barrick Gold, ambayo baadaye iliitwa Acacia, ilikuwa na migodi mingine pia. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua dhidi yake katika kesi ambayo ilionekana kwamba wenye hisa waligawiwa zaidi ya dola milioni 400 kati ya 2010 na 2013, wakati hapa nchini vitabu havikuonyesha faida ya kutozwa kodi. Huwezi kugawa maziwa ya ng'ombe asiyekamuliwa.

Mwaka uliofuata Serikali ya Rais Magufuli ilizuia makinikia kusafirishwa, ikapandisha mrabaha wa dhahabu kufika asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, ikadai hisa za asilimia 16 bila malipo, kisha ikaiandikia Acacia ankara ya dola bilioni 190. Ankara ile haikuweza kulipwa na mtu yeyote. Kwa maoni yangu haikuwa kodi, ilikuwa fimbo ya kuletea watu mezani. Gharama yake ilikuwepo: Bulyanhulu ilipunguza kazi, na vijana wengi walirudi majumbani na mabegi yao. Mwishowe, Januari 2020, yakatiwa saini makubaliano na Barrick: dola milioni 300, kampuni ya ubia ya Twiga, na zile asilimia 16. Bulyanhulu ikafunguliwa tena. Mrabaha wa asilimia 6 ulibaki, na hilo ndilo nililitazama zaidi, maana mrabaha hukatwa kwenye thamani ya madini yenyewe, si kwenye faida inayoweza kupotelea njiani kati ya Kahama na London. Na dhahabu haiwezi kuhamisha shimo lake.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu yetu wa Keza ni ndiyo, lakini. Ndiyo, kwa yule mwenye mali isiyohama na faida isiyotokana na jasho lake. Ndiyo zaidi, kwa kufuta misamaha, ambayo mwaka wa fedha 2011/2012 ilifikia kama shilingi trilioni 1.8 bila Bunge kupandisha wala kushusha kiwango chochote. Lakini siyo kwa kupandisha ghafla, katikati ya mwaka, wala kwa kikosi kazi kinachovamia maduka. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga milango Mei 2023 na tena Juni 2024, na siku Kariakoo inapofunga, duka la Ngara mjini linaishiwa.

Na lipo moja linaloihusu Keza moja kwa moja. Chini ya ardhi ya Ngara kuna nikeli ya Kabanga. Makubaliano yake yalitiwa saini Januari 2021, Serikali ikachukua asilimia 16. Halmashauri, kwa sheria ya ushuru wa huduma, hustahili sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni inayofanya kazi ndani ya eneo lake. Ya mauzo, siyo ya faida. Lakini madini ya Ngara yamepangwa kusafishwa Kahama, na kitakachouzwa kwa bei kubwa kitatokea kwenye kiwanda, si kwenye shimo. Mauzo hayo yatahesabiwa ni ya wapi? Diwani wako, ndugu msikilizaji, anaweza kuliuliza swali hilo katika kikao cha baraza kijacho, na ajibiwe kwa maandishi.