Benchi la Zahanati na Kipimo cha Chumbani

Tangu Mei 2017, serikali ya Kenya ilipozindua vipimo vya kujipima virusi vya UKIMWI, mtu aweza kuingia duka la dawa, akanunua kijisanduku, akajitazama chumbani mwake pasi na kuulizwa neno. Kwa wengi wetu huo ni wepesi tu. Kwa wanaume wapendao wanaume, ambao hapa pwani tumewapa majina chungu nzima, mengi yao matusi, ni jambo zito zaidi. (Hata hilo la "shoga" tumewapora mama zetu, waliokuwa wakiitana hivyo kwa usuhuba.)

Kipimo cha ufizi hakina mizungu. Hukaa robo saa huli wala hunywi, ukapitisha kijiti mara moja ufizi wa juu na mara moja wa chini, ukakitia katika kichupa chake, ukangoja dakika 20, zisizidi 40. Ukitokea mstari kwenye herufi C pekee, hakikuona kitu. Ikitokea miwili, sharti ukapimwe tena kituo cha afya, kwani hiki cha nyumbani hakikati shauri.

Niliwauliza watatu, kwa ahadi ya kutotaja majina wala mitaa. Wa kwanza, kijana fundi cherehani, aliniambia: "Ami, mimi siogopi sindano, naogopa benchi. Hapo hukosi shangazi wa jirani, naye ashajua ulilojia kabla ya daktari." Yeye hujipima usiku, kila miezi mitatu.

Wa pili ana mke na watoto, na moyo wake uko pande mbili. "Nyumba ninayo," asema, "faragha sina." Kisanduku alikitupa jaani, mwanawe akakirudisha akichezea. Siku hizi hujipima dukani kwake akishafunga milango.

Wa tatu, mwalimu mstaafu, hataki kukisikia. "Dakika ishirini peke yangu? Ikitoka mistari miwili nimwambie nani, paka?" Tena haamini kwamba ufizi waweza kusema yaliyomo damuni. Nilimweleza kuwa kipimo hakitafuti virusi vyenyewe, bali kinga ambayo mwili huunda kupigana navyo, nayo hupatikana hata kwenye ufizi. Ila kinga hiyo yaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuonekana. Basi aliyekutana na mtu juzi, akajipima leo, asijidanganye. Wala kaswende na kisonono hakivioni kabisa.

Hofu yao si ya bure. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu chataja kifungo cha miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Mwaka 2010, pale Mtwapa, umati ulivamia kituo cha utafiti wa afya kwa uvumi wa harusi ya wanaume. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale, wakachunguzwa miili yao kwa nguvu na kupimwa virusi. Hadi Machi 2018 ndipo Mahakama ya Rufani, ikiketi Mombasa, ilipotamka kwamba uchunguzi ule wa maumbile yao ulivunja haki zao. Sasa mtu wa namna hiyo akishika kijiti kwa mkono wake mwenyewe, msomaji, usimwone mwoga.

Chuoni tulifunzwa kuwa aibu ya mwenzako husitiriwa. Sikumbuki maalimu akisema sitara hiyo ina mlango wa kuchagua wa kuingia. Najua wapo watakaoniandikia kwa hasira, na waniandikie. Wanangu hawa wapo, nao huugua kama sisi, na tangu lini maradhi yakauliza mlangoni?

Mwalimu, baada ya wiki mbili za ubishi, amekubali kujaribu. Sharti lake ni moja tu: rafiki yake aketi ukumbini, asichungulie, wala asiondoke.