Eropleni Isiyo na Injini na Akiba Yake ya Umeme

Mwezi wa Septemba na Oktoba, mvua zikiwa bado hazijaanza, mwewe huonekana katika nchi ya Madaba, njiani kati ya Songea na Njombe, wakizunguka juu ya mashamba yaliyochomwa moto. Watoto wajua ya kuwa mwewe hufuata panzi waukimbiao moto. Lakini mtu akimtazama mwewe kwa makini ataona na jambo la pili. Ndege huyo huzunguka na kupanda juu, wala hapigi mabawa. Ameyakunjua tu, naye apanda mpaka awe kama nukta mbinguni. Je, apandishwa na nini?

Apandishwa na hewa. Ardhi nyeusi iliyoungua hushika joto la jua upesi kuliko msitu wa majani mabichi. Hewa iliyo juu ya ardhi hiyo hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo hupanda kama moshi upandavyo. Mwewe huingia katika hewa hiyo, akazunguka humo asitoke nje. Kwa kweli yeye hushuka daima kidogo kidogo ndani ya hewa ile, lakini hewa yapanda upesi kuliko ashukavyo yeye. Basi mwisho wake ni kupanda.

Wanadamu wamejifunza kazi hiyo kwa ndege. Mjerumani mmoja, jina lake Otto Lilienthal, aliwachunguza sana korongo, akatengeneza mabawa yake mwenyewe, na tangu mwaka 1891 akaruka nayo kutoka vilimani, hata mwaka 1896 alipoanguka na kufa. Baada yake watu wengine wakaendelea na kazi hiyo, na leo ziko eropleni zisizo na injini, ziitwazo glaida. Mabawa yake ni marefu na membamba. Huvutwa kwa kamba na eropleni yenye injini, au na mashine iliyo chini, na zikiisha kufika juu hufungua kamba na kwenda zenyewe, zikitafuta hewa ipandayo. Katika Afrika ya Mashariki glaida zimerushwa Mweiga, karibu na Nyeri, katika nchi ya Kenya. Rubani aliye hodari aweza kukaa angani saa tano, sita, au zaidi, asitumie petroli hata tone moja.

Lakini jambo hilo la kukosa injini laleta shida ambayo wengi hawaifikiri. Eropleni yenye injini hujitengenezea umeme wakati wote injini izungukapo. Glaida haina kitu cha kuuzungusha. Umeme wake wote umo katika betri iliyojazwa chini kabla ya kuruka. Hali yake ni kama ya nyumba yenye ghala moja la mahindi: yaliyomo ndiyo yatakayoliwa mpaka mavuno, wala hakuna mengine. Kwa hiyo rubani wa glaida, achaguapo vyombo vya kuweka mbele yake, sharti aulize kwa kila kimoja swali hili: Chombo hiki chala umeme kiasi gani?

Viko vyombo visivyokula umeme kabisa. Kipimo cha mwendo na kipimo cha urefu wa kupaa hufanya kazi kwa nguvu ya hewa, na dira hufanya kazi kwa sumaku. Variometa, yaani chombo kionyeshacho kama glaida yapanda au yashuka, yaweza pia kuwa ya hewa tupu. Hata uzi mfupi wa sufu, uliobandikwa nje ya kioo, humwonyesha rubani kama glaida yake yaenda sawa au yaenda ubavu. Nao hauna bei kubwa wala hauna betri. Vyombo hivyo ndivyo vya kwanza, maana betri ikiisha, glaida yaweza kurushwa na kutuliwa kwa hivyo tu.

Chombo cha umeme kilicho cha lazima ni simu ya upepo, ndiyo redio, ambayo kwayo rubani husema na watu wa uwanja na marubani wenzake. Redio hula kidogo isikiapo, na hula zaidi isemapo. Rubani mwenye maneno mengi humaliza betri yake upesi.

Sasa tufikie chombo ambacho ndicho chenye ubishi mwingi. Glaida ni nyembamba na nyeupe. Ikitazamwa kutoka mbele haionekani ila kama mstari mwembamba, na penye mawingu meupe haionekani kabisa. Nazo eropleni za abiria zaenda upesi mno, hata tangu rubani aone nukta mpaka nukta ile iwe eropleni kamili mbele yake ni sekunde chache tu. Macho peke yake hayatoshi. Jambo hilo halihusu glaida peke yake. Mnamo tarehe 5 Machi 2024, eropleni ndogo ya kufundishia na eropleni kubwa ya abiria ziligongana juu ya mbuga ya wanyama ya Nairobi. Ile kubwa, iliyochukua watu 44, ilirudi salama uwanjani. Watu wawili waliokuwa katika ile ndogo walikufa.

Kwa sababu ya hatari hiyo watu wametafuta njia ya kuona mbali kuliko macho. Mtu apigapo kelele mbele ya kilima, sauti yake humrudia, ndio mwangwi. Katika mwaka 1935 Waingereza walijaribu na kuona kwamba mawimbi ya redio nayo hurudi yakigonga eropleni. Hivyo ndivyo walivyoanza kuitengeneza rada yao. Lakini mwangwi hausemi jina. Katika vita ya 1939 hadi 1945 ilikuwa lazima kujua kama eropleni ijayo ni ya rafiki au ya adui. Basi wakatia ndani ya eropleni zao chombo kijibucho kiulizwapo, kama vile mlinzi wa usiku aulizavyo, "Nani wewe?" na mwenyeji akajibu. Chombo cha namna hiyo leo huitwa transponda.

Transponda hukaa kimya mpaka iulizwe. Rada ya chini hupeleka swali, na transponda hujibu mara moja kwa namba ya tarakimu nne aliyopewa rubani. Kila tarakimu ni kati ya 0 na 7, basi namba zote ni 4,096. Namba nyingine zina maana maalum: 7700 ni kusema, "Nimo hatarini," na 7600 ni kusema, "Redio yangu imekufa." Transponda hujibu pia urefu wa kupaa, na zile za namna mpya hutoa na jina la eropleni yenyewe, ambalo hakuna eropleni nyingine duniani yenye jina hilo. Nchi ya Tanzania ilifanya mapatano mwaka 2017 ya kununua rada nne, za kuwekwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Tena, hata mahali ambapo rada ya chini haifiki, transponda yafaa, kwa kuwa eropleni kubwa za abiria huchukua chombo chao cha kuuliza. Chombo hicho kikipata jibu kutoka karibu, humwonya rubani, na ikibidi humwambia apande au ashuke. Lakini transponda iliyozimwa haijibu. Na isiyojibu ni kama haipo.

Marubani wengi wa glaida walizikataa transponda, wakisema zala umeme mwingi. Zamani neno lao lilikuwa na kweli, maana transponda za kale zilikuwa kubwa, na kipimo cha urefu kilichofungwa pamoja nazo mara nyingi kilikuwa na kitu cha kupasha joto ndani yake, nacho kilikula umeme. Transponda za sasa zilizotengenezwa kwa ajili ya glaida na eropleni ndogo ni nyepesi, na nyingi zina kipimo cha urefu ndani yake, nazo hula chini ya nusu ya ampea. Huenda mtu akastaajabu, maana jibu lake latoka kwa nguvu ya wati mia na zaidi. Siri yake ni kwamba kila jibu ni fupi mno, si hata sehemu ya elfu ya sekunde, na kati ya jibu na jibu chombo chapumzika. Hata hivyo penye rada nyingi maswali huwa mengi, na majibu huwa mengi, na umeme huliwa zaidi. Kwa hiyo mnunuzi asisome tu kipimo cha chombo kikiwa kimya. Asome na kile cha chombo kikiwa kinajibu.

Yampasa kuangalia na daraja lake. Transponda ya daraja la 2 ina nguvu ndogo, nayo yafaa kwa eropleni zisizopita futi 15,000 wala mwendo wa noti 175. Transponda ya daraja la 1 ina nguvu zaidi, nayo ni ya wapandao juu. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895, yaani futi 19,000 na zaidi. Basi atakaye kukipita kwa glaida, daraja la 2 halimfai. Tena chombo sharti kiwe kimekubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ile.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, lakini yaonyesha jambo lenyewe. Betri ina ampea 7 za saa moja. Maana yake yaweza kutoa ampea 1 kwa saa 7, au ampea 7 kwa saa 1. Redio yala ampea 0.2, variometa ya umeme 0.1, chombo cha ramani 0.4, na transponda ya kale 1.3. Jumla ni ampea 2. Betri itamalizika kwa saa 3 na nusu. Lakini betri iliyozeeka haijai kama mpya, na baridi ya juu huipunguzia nguvu. Mwenye busara huhesabu theluthi mbili tu, nazo ni saa 2 na dakika 20. Sasa aweke transponda ya kisasa ilayo ampea 0.3. Jumla ni ampea 1, na theluthi mbili za betri zatosha kwa saa 4 na dakika 40. Akizima chombo cha ramani na kutumia ramani ya karatasi, zatosha kwa saa 7 na zaidi.

Hapo ndipo penye kosa la watu wengi: umeme ukiwa haba, huzima transponda kwanza, maana yenyewe haiwaambii neno wao. Ramani huwaonyesha njia, variometa huwaonyesha hewa; transponda huwaambia watu wengine tu.

Mnamo tarehe 28 Agosti 2006, katika jimbo la Nevada, Marekani, eropleni ya jeti yenye watu watano ilikuwa ikishuka kwenda mji wa Reno. Katika urefu wa futi 16,000 hivi iligonga glaida. Glaida ile ilikuwa na transponda ndani yake, lakini rubani alikuwa hakuiwasha, kwa kuwa alitaka kuiwekea redio akiba ya betri. Glaida ilivunjika, na rubani akajitupa kwa mwavuli. Jeti iliharibika vibaya, ikatua kwa tumbo katika uwanja wa Carson City. Watu wote sita waliokoka, nao wenyewe walijua jinsi walivyokuwa karibu na kifo.

Rubani yule hakuwa mjinga wala mvivu; alikuwa mtu wa akiba. Lakini aliweka akiba mahali pasipofaa. Betri ya pili, au chombo kilacho kidogo, vingalimwondolea haja ya kuchagua kati ya kusema na kuonekana. Hii ndiyo sababu ya kufanya hesabu kabla ya kununua, na tena kabla ya kuruka: chini kuna muda wa kufikiri, na juu hakuna.

Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza pia. Mwenye ghala moja hulipima mapema, akajua kitakacholiwa na kitakachoachwa. Lakini hafanyi akiba kwa kuzima taa ya mlangoni usiku wenye wapita njia wengi.

MASWALI

1. Kwa nini mwewe apanda bila kupiga mabawa?
2. Taja vyombo vitatu vya glaida visivyohitaji umeme.
3. Tarakimu nne, kila moja ikiwa kati ya 0 na 7, zatoa namba 4,096. Onyesha kwa hesabu.
4. Betri ina ampea 12 za saa moja. Vyombo vyote vyala ampea 1.6. Ukitumia theluthi mbili za betri, glaida yaweza kukaa angani saa ngapi vyombo vikiwa vinawaka?
5. Transponda yamfaa nani kwanza: rubani mwenyewe au watu wengine? Eleza.