Kutoka Luzira hadi Berlin: rekodi za ndege za mabomu na watu wake

Gati la Port Bell, pale Luzira kando ya Ziwa Viktoria nchini Uganda, leo linafahamika kwa meli za mizigo na kiwanda cha bia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ghuba yake ilikuwa uwanja wa ndege. Ndege kubwa za kutua majini aina ya Short Empire, zenye injini nne, zilishuka hapo zikiwa safarini kati ya Southampton na Durban. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 njia ya Mediterania ilifungwa, na safari zikageuzwa kuwa za Durban hadi Sydney kupitia Misri na India. Port Bell ikabaki kituo kimojawapo katika nusu duara hilo lililozunguka Bahari ya Hindi.

Kiwanda kilichounda ndege hizo za abiria ndicho kilichounda Sunderland, ndege ya kijeshi ya kuwinda nyambizi. Ndugu hao wawili ukiwatazama kwa mbali ni vigumu kuwatofautisha, na ilibidi rangi na alama zisaidie. Ndege za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, zilizopakwa mabaka ya kijeshi wakati wa vita ziliendelea kubeba herufi za usajili wa kiraia, zikapigiwa mistari myekundu, myeupe na buluu ili ijulikane ni za abiria. Nikianzia na ndege hizo nilikusanya rekodi hizi, nikichagua hasa zile zinazogusa ziwa letu, pwani yetu, au watu waliowahi kuishi kwetu.

Iliyosafiri mbali zaidi bila kufika

Novemba 1917 Wajerumani walituma zepelini L59 kutoka Bulgaria kumpelekea dawa na risasi Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi yao ya Afrika Mashariki. Ilikuwa na watu 22 na shehena ya tani 15 hivi. Kwa kuwa isingeweza kurudi, mpango ulikuwa ifumuliwe yote ikifika, na ngozi yake ishonwe mahema. Iliruka tarehe 21, ikavuka Mediterania na jangwa la Misri, na tarehe 23 ikiwa angani kwenye ardhi ya Sudan ikapokea amri ya kurudi. Ilitua ilikotoka tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kusimama. Watu wa Afrika Mashariki hawakuiona, lakini safari hiyo iliyovunja rekodi ilikuwa ya kuja kwao. Mwaka uliofuata chombo hicho hicho kilitumwa kuipiga mabomu Naples, Italia.

Rekodi ya ndege za kawaida ilikuja Novemba 1938. Ndege za mabomu aina ya Vickers Wellesley zilitoka Ismailia nchini Misri, na mbili zikafika Darwin, Australia, bila kutua popote: kilomita 11,526 kwa siku mbili. Juni 1940 aina hiyo hiyo ilikuwa Sudan, ikipiga Massawa, bandari ya Waitaliano huko Eritrea.

Iliyochanganya mataifa kuliko zote

Hapa naipa nafasi ya kwanza Junkers Ju 86. Ilitengenezwa Ujerumani, ikanunuliwa na shirika la ndege la Afrika Kusini kubeba abiria. Vita vilipoanza ilifungwa bunduki na kubebeshwa mabomu, ikapelekwa Kenya kwenye kikosi namba 12 cha jeshi la anga la Afrika Kusini. Juni 1940, siku chache baada ya Italia kutangaza vita, ndege hizo za Kijerumani zikawa zinawapiga Waitaliano, marafiki wa Ujerumani, kwenye mpaka wa Kenya na Ethiopia. Nao Waitaliano waliruka upande wa pili kwa Savoia na Caproni, na Oktoba mwaka huo mabomu yao yakaanguka Malindi.

Fikiria askari wa King's African Rifles aliyekuwa chini, akisikia injini na kuona umbo la Kijerumani likija. Cha kumwambia kuwa huyo ni mwenzake kilikuwa rangi na alama tu. Waafrika Kusini walikuwa wakiweka rangi ya chungwa katikati ya duara la alama yao, pale Waingereza walipoweka nyekundu. Kwa jicho tofauti hiyo ni wazi, lakini kwenye picha ya nyeusi na nyeupe chungwa na nyekundu zote ni kijivu. Ndiyo maana watafiti wa rangi za ndege wanabishana miaka nenda rudi juu ya picha moja, na kila kumbukumbu ya mtu aliyeiona ndege kwa macho yake ina thamani kubwa.

Mfano wa pili ni kikosi namba 262 kilichokaa Durban na ndege za Catalina, nazo za kutua majini. Kilianza kikiwa cha Uingereza, Waafrika Kusini wakajazwa humo kidogo kidogo, na Februari 1945 chote kikawa kikosi namba 35 cha Afrika Kusini. Machi 1944 kilikuwa kimezamisha nyambizi UIT-22 kusini mwa Rasi ya Tumaini Jema. Nyambizi hiyo nayo ilijengwa Italia kisha ikatwaliwa na Wajerumani.

Nyeupe kuliko zote

Watu wengi hudhani kujificha ni kupaka kijani na kahawia. Kwa wawindaji wa nyambizi ilikuwa kinyume. Ndege za usiku zilipakwa nyeusi, na zilipopelekwa kuwinda baharini mchana zilionekana upesi mno, kwa sababu baharia huiona ndege ikiwa mbele ya anga yenye mwanga. Waingereza walijaribu kupaka nyeupe ubavuni na tumboni, wakaona ndege inakaribia zaidi kabla ya kugunduliwa. Sekunde chache zilitosha, kwa kuwa nyambizi huhitaji nusu dakika hivi tu kuzama.

Wawindaji hao walikuwa pia pwani yetu: Kipevu, Mombasa, kilikuwa kituo kikubwa cha Catalina. Kikosi namba 259 kiliundwa hapo mapema 1943. Tarehe 20 Agosti mwaka huo Catalina yake moja, pamoja na nyingine ya kikosi namba 265, ziliizamisha nyambizi U-197 kusini mwa Madagaska. Watu wote 67 waliokuwamo walikufa. Wakati huo huo Sunderland za kikosi namba 230 zilikuwa Dar es Salaam.

Yenye kasi kuliko zote ziwani

Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, inayokwenda kasi kuliko sauti, ilitumwa kumsaidia Idi Amin wa Uganda, aliyekuwa vitani na Tanzania, kwa kupiga ghala la mafuta la Mwanza. Mabomu yaliangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Tu-22 za Libya zilikuwa na mabaka ya mchanga na kijani, rangi za nchi kavu, juu ya maji ya Ziwa Viktoria.

Aliyetunukiwa kuliko wote

Ulric Cross alizaliwa Trinidad mwaka 1917. Alikuwa mwongoza njia katika Mosquito, ndege ya mbao ya watu wawili, kwenye kikosi namba 139 kilichoitwa Jamaica kwa sababu wananchi wa kisiwa hicho walichanga fedha za kununua ndege za mabomu. Aliruka misheni 80, karibu 20 kati yake zikiwa za Berlin, na alipata nishani za DSO na DFC. Hutajwa kuwa mtu wa Karibi aliyetunukiwa kuliko wote katika Vita vya Pili vya Dunia. Katika chumba kile chembamba rubani alimtegemea yeye ajue walipo, usiku, juu ya nchi ya adui.

Kisha akawa mwanasheria, na kuanzia 1967 hadi 1971 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, akiongoza pia Baraza la Kudumu la Usuluhishi wa migogoro ya kazi. Alifariki mwaka 2013. Kwangu huyu ndiye wa kwanza katika orodha yote, mbele ya zepelini na mbele ya ndege yoyote.

Wasomaji wa Luzira, Ggaba, Kisumu, Kipevu na Lindi: kama nyumbani kuna mzee aliyeziona Empire, Sunderland au Catalina zikitua majini, mwulizeni leo zilikuwa na rangi gani, juu na chini, na andikeni jibu lake pamoja na tarehe.